Kubadilisha Shoki na Springi za Nyuma Nyumbani: Jeki Huinua, Stendi Hushikilia

Maandishi ya mazungumzo kwa wenye magari na madereva wa Mwea Mashariki na Mwea Magharibi, Kaunti ya Kirinyaga



Mada ya leo ni sehemu ya gari ambayo wengi huikumbuka tu inapoanza kupiga kelele: shokamzoba za nyuma, ambazo mafundi huita shoki kwa kifupi, pamoja na springi na bushi zake. Kuanzia Mutithi hadi Murinduko, wako watu wanaobadilisha vifaa hivi wenyewe, uani, wakisaidiwa na jirani na jeki iliyokuja na gari. Kufanya hivyo si kosa. Ni kazi ambayo mtu makini, mwenye spana zinazofaa, anaweza kuimaliza kwa nusu siku na kuokoa gharama ya gereji.

Hata hivyo, ni kazi inayomweka mtu chini au kando ya gari lenye uzito wa tani moja au zaidi, likiwa limeinuliwa. Gari likiteleza kutoka kwenye jeki, halimpi aliye chini nafasi ya kutoka. Kwa hivyo, katika yote yatakayosemwa hapa, liko neno moja ambalo kila mtu anaombwa kurudi nalo nyumbani: jeki ni ya kuinua gari, si ya kulishikilia.

Kwa nini shoki huchoka haraka Mwea

Udongo mweusi wa Mwea hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Sifa hiyo ndiyo inayoufanya ushike maji vizuri, na ndiyo sababu mojawapo iliyofanya mpunga ustawi hapa tangu skimu ilipoanzishwa miaka ya 1950. Lakini kinachofaa mpunga hutesa barabara. Njia iliyopita juu ya udongo huo hupanda hapa na kudidimia pale, hata ikiwa imemwagwa murram mwaka huo huo. Gari linalopita kila siku kwenye njia za kando ya mifereji, kutoka Tebere au Wamumu hadi Wang'uru, hupanda na kushuka mara nyingi kuliko gari la mji wenye lami.

Sababu ya pili ni mzigo. Toyota Probox ya kwanza, ambayo imejaa katika barabara hizi, ilitengenezwa kwa soko la Japani ili ibebe kilo 400 ikiwa na watu wawili, au kilo 250 ikiwa na watu watano. Magunia manane ya mchele ya kilo 50 tayari ni kilo 400. Anayepakia magunia 12 amebeba kilo 600, yaani nusu zaidi ya kipimo, na bado hajahesabu abiria. Springi hubanwa mpaka karibu na mwisho wake, na bushi hupondeka kila gari linapoingia shimoni.

Kila kifaa na kazi yake

Wengi huamini kwamba shoki ndiyo inayobeba gari. Sivyo. Springi ndiyo hubeba uzito. Shoki huizuia springi isiendelee kurukaruka baada ya gari kupita tuta. Bushi ni mpira uliokaa kati ya chuma na chuma ili visigongane.

Kutofautisha kazi hizi huokoa pesa. Gari lililoinama nyuma halitainuka kwa kuwekewa shoki mpya, kwa maana kilichochoka ni springi. Gari linaloyumba kama mtumbwi baada ya kila tuta linahitaji shoki. Gari linalogonga nyuma hata likienda polepole, huenda bushi zake zimekwisha au bolti imelegea.

Shoki iliyokufa haisumbui mgongo wa abiria pekee. Tairi linaloruka haligusi barabara, na tairi lisilogusa barabara haliwezi kusimamisha gari. Katika barabara ya Makutano hadi Embu, trekta huweza kuingia ghafla kutoka shambani na bodaboda kukata kona bila ishara. Hatua chache za ziada kabla gari halijasimama zinaweza kuwa maisha ya mtu.

Kupima kabla ya kununua

Gari liegeshwe mahali tambarare, bila mzigo. Mtu akandamize kona moja ya nyuma kwa nguvu, kisha aachilie. Ikiwa shoki ni nzima, kona hiyo itapanda na kutulia. Ikiendelea kucheza juu na chini, shoki imechoka. Baadaye apime kwa futi kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya gurudumu, kulia na kushoto. Tofauti kubwa kati ya pande hizo inaonyesha springi iliyolegea au kuvunjika.

Shoki yenyewe iangaliwe. Unyevu kidogo wenye vumbi karibu na juu si jambo la kutisha, lakini mafuta yanayotiririka yana maana kwamba imepasuka ndani. Kiganja kipitishwe polepole juu ya tairi, gari likiwa limezimwa. Tairi lililolika kwa mabaka, hapa limezama na pale limeinuka, mara nyingi limekuwa likirukaruka kwa muda mrefu.

Vifaa vinunuliwe kwa jozi. Shoki mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili hufanya gari livute kona vibaya. Wanaosafiri hadi Nairobi kununua spea katika Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan, waende na namba ya chesisi au kifaa cha zamani mkononi, kwa sababu magari yanayofanana nje yanaweza kutofautiana chini. Wadai risiti na waangalie alama ya Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS. Namba ya ujumbe mfupi ya kuhakiki alama hiyo ni 20023. Springi iliyotumika inaweza kufaa ikiwa haina ufa wala kutu iliyokula chuma. Shoki iliyotumika ni bahati nasibu, kwa maana hakuna anayeweza kuona ndani yake.

Mahali na zana

Udongo mweusi haufai kabisa kwa kazi hii, hata ukiwa mkavu na mgumu. Jeki huzama upande mmoja na gari huinama. Kazi ifanyiwe kwenye sakafu ya saruji. Aliye na murram iliyoshindiliwa pekee aweke ubao mpana na mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi.

Zana zinazohitajika ni jeki nzima, stendi mbili za chuma zenye uwezo wa kubeba uzito wa gari, spana ya magurudumu, seti ya spana (katika Toyota nyingi ndogo ni namba 14, 17 na 19), brashi ya waya, dawa ya kulegeza kutu, miwani ya kukinga macho na vigingi vya kuzuia magurudumu. Asiye na stendi aazime kwa fundi au asubiri mpaka azipate. Tofali, hasa lile la saruji lenye matundu, linaweza kubeba gari kwa dakika kumi kisha likapasuka bila kutoa onyo. Mawe yaliyopangwa hutelezana. Ring' ya gurudumu iliyosimamishwa huanguka.

Pasifanye kazi mtu mmoja peke yake. Awepo mwingine karibu, mwenye simu iliyo na chaji. Watoto wakae mbali, na asiwepo mtu ndani ya gari.

Hatua za kazi

Hatua hizi zinahusu magari ambayo springi ya koili imekaa peke yake na shoki imesimama kando, kama ilivyo katika magari mengi madogo. Siku moja kabla, nati na bolti zisuguliwe kwa brashi ya waya na kupuliziwa dawa ya kutu. Anayefanya hivyo jioni hatapigana na nati asubuhi, na mapigano na nati ndiyo hutikisa gari lililoinuliwa.

Siku ya kazi, gari liwekwe gia ya kwanza, au P ikiwa ni la otomatiki, na breki ya mkono ivutwe. Hapa wengi hudanganyika. Katika magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma. Magurudumu hayo yakishainuliwa, breki hiyo haizuii chochote. Kwa hivyo magurudumu ya mbele yawekewe vigingi mbele na nyuma, yote mawili.

Nati za magurudumu zilegezwe kidogo gari likiwa bado chini. Kisha jeki iwekwe mahali palipoonyeshwa na mtengenezaji, gari liinuliwe, na stendi ziwekwe pande zote mbili chini ya sehemu ngumu za bodi. Gari lishushwe mpaka likalie stendi kikamilifu. Kabla ya mtu yeyote kuingiza hata mkono chini yake, lisukumwe kwa nguvu kutoka ubavuni. Likitikisika, lipangwe upya. Magurudumu yakitolewa, yalazwe chini ya ubavu wa gari, moja kila upande. Stendi ikishindwa, gari litaangukia gurudumu badala ya kifua cha mtu.

Sasa jeki irudi chini ya ekseli na iinue kidogo tu, mpaka ibebe uzito wake. Hatua hii isirukwe. Shoki ndiyo huzuia ekseli isishuke kupita kiasi. Bolti ya chini ikitolewa bila ekseli kushikiliwa, ekseli huanguka, mrija wa breki huvutika, na springi inaweza kuruka.

Bolti ya chini ya shoki itolewe kwanza, halafu nati ya juu. Katika baadhi ya magari nati hiyo iko ndani ya buti, chini ya zulia. Fimbo ya shoki ikizunguka pamoja na nati, ishikwe kwenye ncha yake kwa spana. Isishikwe kwa koleo katikati, kwa maana alama ndogo kwenye chuma chake laini itakata sili na shoki itavuja.

Ikiwa springi pia inabadilishwa, shoki zote mbili ziwe zimefunguliwa, kisha ekseli ishushwe polepole huku msaidizi akitazama mirija ya breki na nyaya zake. Mrija ukianza kukazwa, kazi isimame. Springi itakapolegea itatoka kwa mkono. Mpira wa juu na wa chini uangaliwe, na mwisho wa springi mpya ukae kwenye ngazi yake kama ulivyokaa ule wa zamani.

Shoki mpya isiyo na gesi isimamishwe wima na kusukumwa juu na chini mara kadhaa ili hewa itoke. Ile ya gesi huja imefungwa mkanda, na mkanda huo hukatwa kwa uangalifu shoki ikishakaa mahali pake. Bolti zote ziingizwe kwa vidole kwanza. Nati zinazojifunga zenyewe ziwekwe mpya, kwa maana za zamani hupoteza mshiko.

Hatua inayofuata ndiyo hutenganisha kazi ya mwaka mmoja na kazi ya miaka. Bolti zinazopita ndani ya bushi zisikazwe ekseli ikiwa inaning'inia. Mpira wa bushi hushikwa katika hali uliyo nayo wakati wa kukaza. Ukikazwa ekseli ikiwa chini, gari likirudi ardhini mpira utakuwa umepindwa muda wote, nao utachanika mapema. Ekseli iinuliwe kwa jeki mpaka ifikie kimo chake cha kawaida, karibu gari lianze kuacha stendi, ndipo bolti zikazwe. Kama bolti zinafikika bila kuingia chini, ni bora zikazwe magurudumu yakiwa ardhini.

Magurudumu yarudishwe, na nati zikazwe kwa mtindo wa nyota, si kwa kuzunguka. Katika Toyota nyingi ndogo kipimo cha kukaza nati za magurudumu ni Nm 103. Baada ya kilomita 50 hadi 100 ziangaliwe tena.

Kazi za kumwachia fundi

Kuna mahali ambapo mtu wa nyumbani anapaswa kusimama. Katika Corolla nyingi za miaka ya 1990 na Subaru nyingi za zamani, springi ya nyuma imefungwa kwenye shoki yenyewe, ikiwa imebanwa kwa nguvu nyingi. Anayefungua nati ya katikati bila kibano maalum cha springi anafungua kitu kinachoweza kumvunja taya. Kifaa hicho kinaweza kutolewa kikiwa kizima na kupelekwa kwa fundi atenganishe.

Bushi kubwa za ekseli huhitaji mashine ya kukandamiza. Kuzichoma kwa moto ili zitoke, kama wengine wafanyavyo, hutoa moshi wenye sumu, na joto linaweza kuharibu mirija ya breki iliyo karibu. Pickup zenye springi za vyuma vilivyopangana, kama Hilux, zina ekseli nzito ambayo haifai kushughulikiwa na jeki ndogo ya gari.

Kuna pia desturi ya kuongeza vyuma, au kusokota vipande vya mpira katikati ya springi, ili gari libebe zaidi. Gari huonekana limesimama vizuri, lakini uwezo wake haujaongezeka. Ekseli, beringi, matairi na breki ni vile vile. Isitoshe, magari mengi ya mizigo yana valvu nyuma inayopima jinsi gari lilivyolala ili kugawa nguvu ya breki. Gari likiinuliwa kwa njia hiyo, valvu hufikiri halina mzigo na kupunguza breki za nyuma wakati ule ule mzigo ni mkubwa zaidi.

Baada ya kazi

Gari lijaribiwe polepole karibu na nyumbani kwanza. Kanyagio la breki liwe gumu kama kawaida. Baada ya kilomita chache mtu asimame, atazame kama kuna mafuta yanayovuja au sauti mpya. Aliyebadilisha springi apeleke gari likapimwe mwelekeo wa magurudumu na mianga ya mbele, kwa kuwa gari lililoinuka nyuma huelekeza mwanga chini.

Shoki kuukuu ina mafuta, na nyingine zina gesi iliyoshindiliwa. Isitobolewe wala kutupwa motoni. Mafuta yake yasimwagwe karibu na mfereji. Maji ya Nyamindi na Thiba yanayopita nyuma ya boma moja huingia shambani kwa jirani saa hiyo hiyo. Mafuta yakusanywe kwenye mtungi wenye kifuniko na kupelekwa gereji inayokusanya mafuta machafu, nacho chuma kiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Ikitokea gari limemlalia mtu, asivutwe. Gari liinuliwe kwa jeki nyingine, lishikiliwe, ndipo atolewe. Msaada uitwe kupitia 999 au 112, naye afikishwe Hospitali ya Kimbimbi au kituo chochote cha afya kilicho karibu, hata akisema hana maumivu.

Sheria na wajibu

Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka kila gari lililo barabarani, na sehemu zake zote, litunzwe katika hali isiyohatarisha wengine. Sheria haitofautishi kati ya gari lililotengenezwa gereji na lililotengenezwa uani. Anayelirekebisha nyumbani amebeba wajibu huo yeye mwenyewe, na anayepakia kupita kiasi anaubeba mara mbili.

Upande wa barabara, Katiba ya 2010 iliziachia kaunti barabara za kaunti, huku barabara kuu za kitaifa zikisimamiwa na mashirika ya serikali kuu. Mkazi anayeona shimo linalovunja magari katika barabara ya wadi aripoti kwa msimamizi wa wadi, akitaja mahali hasa: daraja gani, mfereji gani, shule gani iliyo karibu. Ripoti isemayo tu kwamba barabara ni mbaya haimwonyeshi mtu wa kuziba mahali pa kuanzia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Shoki inayovuja leo itakula matairi mwezi ujao, na matairi yaliyokwisha yatasubiri siku ya mvua. Kwa hivyo, msimu wa mavuno kabla haujaanza, kila mwenye gari alikandamize kona ya nyuma aone kama litatulia. Akiamua kulitengeneza mwenyewe, afanye hivyo mchana, kwenye sakafu ngumu, akiwa na mwenzake, gari likiwa limekalia stendi mbili. Asipokuwa na stendi, kazi ingoje.